Mkeka na Mondrian

Wapo wasemao kuwa picha za miraba na mistari mitupu ni mambo ya Ulaya. Mimi, mkazi wa Kimara, nakataa. Mondrian, Mholanzi aliyefariki mwaka 1944, alisifiwa kwa mistari myeusi iliyonyooka na rangi nyekundu, njano na buluu. Anastahili. Lakini tazama mkeka: chane za ukindu hutiwa rangi kwanza, zikasukwa ukili, kisha kili zikashonwa pamoja. Rangi haikupakwa juu ya umbo. Ndiyo umbo lenyewe. Msukaji akikosea hesabu hana brashi ya kufunikia, hufumua. Tofauti ni kwamba picha tunaitundika, mkeka tunaukalia. Ndugu msomaji, kabla hujauliza picha ile ina maana gani, inuka kwanza uutazame mkeka wako.