Mungu Yupo Jikoni, na Mshahara Je?

Bruda Lawrence, Mkarmeli wa Paris aliyefariki mwaka 1691, hakupenda kazi ya jikoni. Akaifanya miaka 15. Kitabu cha barua na mazungumzo yake kinarudia jambo moja: kusugua sufuria kunaweza kuwa sala sawa na kupiga magoti kanisani. Ukikisoma hapa Mlandege, Iringa, kinagusa kweli. Kuna watu wanaamka saa kumi alfajiri kukanda maandazi, jana, leo, kesho. Ila nguvu yake ndiyo hatari yake. Lawrence aliweka nadhiri mwenyewe, na utawa ukamlisha. Dada wa kazi hakuweka nadhiri yoyote. Bosi akimpa kitabu hiki badala ya mshahara, hiyo siyo ibada tena, ni wizi. Kisomeni, lakini lipeni kwanza.