Mwanza hadi Nansio na watoto: saa ya kung'oa nanga

Ukitaka kujua kama nahodha wa boti ya kukodi pale Mwanza anaijua kazi yake, usimuulize mashine yake ina nguvu kiasi gani. Muulize anaondoka saa ngapi. Akikujibu kwamba saa yoyote utakayotaka wewe, tafuta mwingine.

Tulivuka kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, likizo ya Juni, watu wazima na watoto wa rika mbalimbali, na nahodha alitutaka tuwe majini kabla ya saa moja asubuhi. Mama mkwe hakupendezwa. "Mwanangu, kwani ziwa litahama?" Nahodha akacheka. "Halihami, mama. Ila ikifika saa sita sitakuwa na ubavu wa kulivuka na hawa wajukuu zako."

Alichosema kina hesabu nyuma yake. Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800, kiasi kwamba linajitengenezea hali yake lenyewe. Nchi kavu hupata joto upesi na kupoa upesi. Maji ni mazito kwa yote mawili. Usiku, nchi ikishapoa, hewa baridi huteremka ziwani kutoka kila upande. Inapokutana huko kati haina pa kwenda ila juu, na huko juu ndiko yanakojengeka mawingu ya radi. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwa hili hupiga usiku na alfajiri, na wavuvi wa dagaa, ambao kazi yao ni usiku wa giza na taa, ndio wanaokutana nazo kwanza. Upepo wa mashariki huyasukuma mawingu hayo kuelekea Bukoba na visiwa vya Ssese, na kwa sababu hiyo upande ule hupata mvua nyingi kuliko Mwanza.

Mchana mambo hugeuka. Nchi ikishapata joto, upepo hutoka ziwani kuja pwani, na kwa Mwanza hiyo ni kusema kutoka kaskazini na kaskazini-magharibi. Huanza kidogo kidogo kabla ya adhuhuri na kufikia ukali wake alasiri. Kati ya dhoruba za usiku na upepo wa mchana kuna mwanya wa saa chache ambapo pande zote mbili zimetulia. Mwanya huo ndio nahodha aliokuwa akiulinda. Miezi ya mvua nyingi, Machi hadi Mei, hata asubuhi haiaminiki sana, na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unapaswa kusomwa jioni ya kuamkia safari, kisha kurudiwa kabla ya kutoka nyumbani.

Sehemu ya kwanza ya njia ni ya kuwaburudisha watoto. Unaliacha nyuma Jiwe la Bismarck na kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa iliyo ndani ya jiji na ndogo kuliko zote nchini, na vilima vya mawe vya pande zote mbili vinakukinga. Ghuba ya Mwanza hapo ni kama sebule. Kazi huanza ukitoka nje yake, kwenye mdomo wa Ghuba ya Speke, ambayo inakwenda mashariki hadi karibu na Serengeti. Juni upepo wa kusini-mashariki una nafasi ndefu ya kukimbia juu ya maji yale, na unapofika mbele yako umeshayapandisha. Ukielekea Nansio moja kwa moja, mawimbi yanakupiga ubavuni.

Nahodha hakwenda moja kwa moja. Aligeuza pua ya boti kidogo kuelekea upepo, akapunguza mwendo, akayakata mawimbi kwa mshazari, kisha baada ya muda akarudi upande wa pili na kuyaacha yatusukume kutoka nyuma. Njia ikawa ndefu, lakini boti haikulala ubavu hata mara moja. Mawimbi ya ziwa ni mafupi na yamebanana, tofauti na yale marefu ya bahari. Meli kama MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6, inalalia mawimbi kadhaa kwa mpigo. Boti ndogo hupanda na kushuka kila moja.

Upepo hata hivyo haukuwa mshitakiwa mkuu katika misiba miwili ambayo kila mtu wa kanda hii anaikumbuka. MV Bukoba ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, na hesabu rasmi ya waliokufa inakaribia 900. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu kabisa na gati la Bwisya, Ukara, ikitokea Bugolora siku ya gulio. Kilikuwa kivuko cha watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 200. Kote kuwili kilichotajwa zaidi ni uzito: kiasi chake na mahali ulipokaa. Mzigo ukirundikwa juu, chombo kinakuwa chepesi kulala, na kikianza kulala, watu na magunia huteleza kwenda upande uleule.

Hapo ndipo familia ina kazi ya kufanya yenyewe. Kwenye kivuko au meli ya abiria, kaeni chini na katikati, karibu na nyuma kuliko mbele. Panatikisika kidogo na watoto hawatapiki sana, alimradi moshi wa dizeli hauwafikii. Gati likionekana, msisimame. Kile kishindo cha abiria wote kukimbilia upande mmoja wakitafuta kuwa wa kwanza kushuka ndicho ninachokiogopa kuliko wimbi lolote. Kamba zifungwe, wenye haraka watangulie.

Na jaketi okozi. Boti nyingi zinayo, lakini ni ya watu wazima. Mvalishe mtoto, funga vifungo vyote, kisha shika mabegani mwa jaketi na kulivuta juu. Likipanda likameza masikio yake, halimfai: majini atachomoka kupitia chini na jaketi litabaki likielea peke yake. Nahodha wetu alikuwa na mawili ya watoto, sisi tulihitaji matatu, na safari ilisubiri hadi la tatu lilipoletwa kutoka boti ya jirani. Dakika hizo zilimuuma, kwa sababu ya ule mwanya wake, lakini hakubisha.

Kurudi ni hesabu nyingine. Ukiondoka Nansio alasiri, upepo wa ziwani uko mgongoni na watoto wanaona raha, boti inateleza. Hatari yake ni kwamba wimbi la nyuma linaweza kuinua tezi na kuigeuza boti ubavu kabla nahodha hajarekebisha usukani, na mdomo wa Ghuba ya Mwanza ndipo mahali pake. Nahodha alitupa machaguo mawili: tuondoke asubuhi ya pili, au kama tunalazimika siku ileile, tumwache arudi na boti tupu nasi tupande meli ya kwenda Mwanza. Ikishindikana hiyo, kuna kivuko cha Rugezi kwenda Kisorya, kisha basi kupitia Bunda. Ni mzunguko mrefu na nauli mara mbili. Tulilala Nansio.