Jina Moja, Kalamu Mbili: Tatizo la Majina ya Waandishi katika Uhakiki wa Kiswahili

Wahakiki wetu hubishana sana juu ya fani na maudhui, lakini jina la mwandishi hulipita mbio, kana kwamba halina neno. Katika desturi ya Waswahili, mtu hutajwa kwa jina lake mwenyewe, kisha la baba yake, kisha la babu yake. Nisba ya ukoo au ya mji huongezwa inapohitajika. Kwa hiyo, mara nyingi jina la mwisho si la mwandishi, bali ni la mzee wake.

Tutazame Pate ya kale. Utenzi wa Tambuka, ambao mswada wake una tarehe ya 1141 Hijria (1728), unanasibishwa na Mwengo wa Athumani. Tafsiri ya Hamziya inanasibishwa na Aidarusi bin Athumani. Wote wawili ni wana wa Athumani, wala hakuna mjuzi wa tungo hizo anayewafanya ndugu kwa sababu hiyo. Maneno "wa" na "bin" yanatuonyesha jina la mtu linapokoma na la baba linapoanza.

Katika majalada ya riwaya za karne ya 20 alama hizo zimetoweka. Mohamed Suleiman Mohamed aliandika Kiu (1972) na Nyota ya Rehema (1976). Said Ahmed Mohamed aliandika Utengano (1980). Wote ni watu wa Zanzibar, na katika tanbihi zetu kila mmoja wao huwa "Mohamed" tu. Mwanafunzi asiyejua atamchukua Bahati wa Kiu na Maimuna wa Utengano kuwa ni zao la kalamu moja, na atajaza kurasa akieleza jinsi "Mohamed" alivyoendeleza taswira ya mwanamke kutoka mwaka 1972 hadi 1980. Hoja yake huenda ikapangika vizuri, lakini haina msingi.

Lipo na kosa la kinyume. Said huyo huyo, aandikapo uhakiki, hujulikana pia kwa jina la Said A. M. Khamis, na faharasa humweka chini ya K. Basi utaratibu ule ule uliowaunganisha watu wawili umemgawa mmoja, na msomaji wa riwaya zake huenda asijue kwamba anayo pia maandishi yake ya kinadharia.

Itasemwa kwamba maktaba haina budi kufuata alfabeti. Ni kweli, lakini alfabeti haikuamuru tuanze na babu. Tunapoandika "Robert (1951)" tunampa baba yake Shaaban sifa ya kutunga Kusadikika, jambo ambalo hakuna Mswahili angelitamka kwa kinywa chake.

Rai yetu ni hii: jina liandikwe kamili linapotajwa mara ya kwanza, na faharasa ianze na jina la mtu mwenyewe. Uhakiki ni kumpa kila mtunzi haki yake, na haki ya kwanza ya mtunzi ni kuitwa kwa jina lake.