Kompyuta Isomayo kwa Sauti na Msikilizaji wa Kiswahili: Mfano wa Wawi, Pemba

Watu wenye kuona wanapozitaja programu zisomazo maandishi ya skrini kwa ajili ya wasioona, aghalabu hulaumu sauti yenyewe. Husema ni sauti ya bati, haina pumzi wala hisia. Lawama hiyo haigusi penye jeraha. Sauti ya eSpeak, iliyoanzishwa na Jonathan Duddington kwa kanuni za matamshi na si kwa kunasa maneno ya mtu, ni kavu kweli. Lakini Kiswahili kimo ndani yake, nayo huambatana na NVDA, programu itolewayo bure, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, kisha akaungana naye James Teh, wote wawili wasioona. Msikilizaji aliyeizoea huiharakisha kupita kasi ya msomaji yeyote wa kinywa. Sauti tamu zaidi zipo, ila nyingi zahitaji intaneti. Kosa kubwa liko pengine, nalo ni kosa la lugha.

Na achukuliwe kwa mfano mtu asiyeona akaaye Wawi, karibu na mji wa Chake Chake, aliyepelekewa tangazo la kazi katika kompyuta yake. Karani aliyeliandika alitumia programu ya kuandikia ambayo lugha yake iliachwa Kiingereza, kama ilivyotoka dukani. Kila neno lilipigiwa mstari mwekundu. Akaupuuza, maana ndivyo waandishi wa Kiswahili walivyozoea. Kumbe mstari ule ulikuwa ukimwambia kwamba mashine yadhani anaandika Kiingereza kibovu! Waraka ukafungwa na chapa hiyo ya siri ndani yake. Ufikapo Wawi, programu ya kusoma, ikiwa imewekwa ifuate lugha ya waraka, huitii chapa hiyo na kutwaa sauti ya Kiingereza. Hapo neno pole hupoteza irabu yake ya mwisho, likawa nguzo ya Waingereza. Mate, wake na tone hupatwa na msiba huo huo. Hata jina la Chake Chake hukatwa mkia, asilitambue aliyezaliwa pale pale. Mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho nao hutawanyika. Mwenye kuona akiutazama waraka huo haoni kasoro yoyote.

Yaweza kusemwa kwamba msikilizaji aizuie programu isibadili sauti. Mzoefu hufanya hivyo, lakini hulipa kwa njia nyingine: vitufe vya programu zisizotafsiriwa husomwa Kiswahili, file ikawa fi-le na save ikawa sa-ve, naye hulazimika kufumbua mafumbo siku nzima.

Hata lugha ikitangazwa sawasawa, yapo mambo ambayo wataalamu wa Kiswahili hawajayashughulikia vya kutosha. Programu isiyojua ngeli ikikuta vitabu 2 husoma vitabu mbili, na watu 3 wakawa watu tatu. Barabara ipitayo magari na barabara yenye maana ya sawasawa hutofautiana kwa mkazo tu, wala tahajia haisemi lolote, basi msikilizaji hupewa moja kwa zote mbili. Mwandishi mvivu aliyeacha ritifaa na kuandika ngoa kwa ng'oa husamehewa na jicho. Mashine haimsamehe, humsomea mtu wivu mahali pa kung'oa. Ama lahaja za Pemba, ambazo W. H. Whiteley alizitolea kitabu mwaka 1958, sauti hizi hazizijui kabisa. Hilo laweza kungoja, ngeli haziwezi.

Kuna kosa la pili, la vitu visivyo na jina. Kitufe kilichochorwa picha ndogo bila jina lililofichwa nyuma yake hutajwa kwa aina yake tu: kitufe, kitufe, kitufe. Kipi chatuma na kipi chafuta? Baya zaidi ni barua iliyopigwa picha pamoja na muhuri na sahihi yake, kisha ikapelekwa kama waraka: hamna herufi hata moja ndani yake, na programu ya kusoma hukuta ukurasa mtupu. Barua ya hospitali au ya benki huishia kusomwa na jirani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2020 ikajiunga na ule wa Marrakesh juu ya vitabu vya wasioona. Siri ya barua ya mtu wa Wawi yangali mikononi mwa karani.

Kutafsiri programu peke yake hakutoshi. Jambo OpenOffice, iliyotolewa kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikuwa kazi ya kusifiwa; lakini istilahi ya kuonwa na istilahi ya kusikiwa ni mambo mawili. Atungaye jina la kitufe akiandika “kitufe cha kuhifadhi waraka” na “kitufe cha kufuta waraka”, humchelewesha msikilizaji kwa maneno mawili kabla hajajua tofauti, na programu ya kusoma imekwisha kusema yenyewe kuwa hicho ni kitufe. “Hifadhi” na “Futa” zatosha, nazo zajulikana kwa silabi ya kwanza.