Kizimba cha YTHDC1: Nimekiona, Nimeduwaa

Jamani, nimeifungua, na sitaki kuifunga! Ni protini ya YTHDC1 ikiwa imekumbatia kipande kifupi cha RNA. Umbo lake liko kwenye hifadhi ya Protein Data Bank kwa namba 4R3I, bure kabisa, kwa yeyote mwenye simu na bando. Unaandika namba, unagusa skrini, na kitu ambacho darubini ya maabara ya shule haiwezi hata kukikaribia kinaanza kuzunguka mbele ya macho yako.

Nieleze kwanza protini hii inatafuta nini, maana hapo ndipo utamu ulipo. RNA mjumbe huandikwa kwa herufi nne: A, U, G na C. Mwaka 1974 wanasayansi waligundua kwamba baadhi ya zile A hubeba kitu cha ziada, yaani kundi la methili lililofungwa kwenye naitrojeni ya nafasi ya sita. Ndiyo maana huitwa m6A. Kundi lenyewe ni kaboni moja na hidrojeni tatu, basi! Haliizuii A kushikana na U kama kawaida, kwa hiyo vimeng'enya vya maabara vinavyonakili RNA kuwa DNA hupita juu yake bila kushtuka. Ilibidi kungoja hadi 2012, makundi mawili ya watafiti, moja la Israel na jingine la New York, yalipotumia kingamwili kuzivua RNA zenye alama hiyo na kuchora ramani yake. Wakaikuta kwenye RNA za maelfu ya jeni, imejazana hasa karibu na mahali ambapo ujumbe wa kutengeneza protini unakomea.

Sasa fikiria kazi hii: kupambanua A yenye atomu hizo chache za ziada na A isiyo nazo, katikati ya msongamano wa seli. YTHDC1 inaiweza. Umbo lililochapishwa mwaka 2014 linaonyesha inavyoiweza, na hapa ndipo nilipopiga kelele peke yangu.

Sogeza picha karibu. Sehemu inayofanya kazi, inayoitwa YTH, ina kitovu cha mikanda sita ya beta iliyojikunja ikawa pipa, na heliksi zimeizunguka. Kipande cha RNA kimelala kwenye mfereji wenye chaji chanya, jambo la kutarajiwa, kwa kuwa uti wa mgongo wa RNA una chaji hasi. Herufi zake ni GGACU, na ile A ya katikati ndiyo yenye methili. Itazame hiyo A! Imegeuzwa ikatumbukia ndani ya protini, ndani ya tundu ambalo wataalamu huliita kizimba. Upande mmoja kuna asidi amino ya triptofani, namba 377, bapa, sambamba kabisa na adenini, yaani hiyo A. Upande wa pili kuna lusini 439. Chini, kama sakafu, kuna triptofani 428, na methili imeielekea, imekaa mahali pake kama kete kwenye shimo la bao. Hakuna nafasi iliyobaki wazi. Asparajini 367 na serini 378 zinaishika adenini yenyewe kwa vifungo vya hidrojeni ili isiyumbe. Badilisha mojawapo ya triptofani hizo mbili iwe alanini, asidi amino ndogo isiyo na ule ubapa, na protini inapoteza uwezo wa kuishika m6A. Kizimba chote kinategemea kuta zake!

Na kizimba hiki kina kazi nzito. YTHDC1 hukaa ndani ya kiini cha seli, ambako RNA changa hukatwa na kuungwa kabla ya kutumika. Ikishaishika m6A, huivuta protini ya SRSF3 karibu, na vipande vya RNA viitwavyo eksoni ambavyo vingeachwa hubakizwa kwenye ujumbe. Husaidia pia RNA zenye alama kutoka nje ya kiini. Lakini kilichonisisimua kuliko vyote ni XIST, RNA ndefu isiyotengeneza protini yoyote, inayonyamazisha kromosomu X moja kati ya mbili katika seli za kike. XIST imejaa m6A, alama zisizopungua 78, na utafiti wa 2016 ulionyesha kwamba YTHDC1 huzisoma alama hizo ili unyamazishaji ufanyike. Kromosomu nzima, na kisomaji chake kinashika methili moja moja!

Nikafungua na umbo la ndugu yake, YTHDF2, anayeishi nje ya kiini. Kizimba ni kilekile, ila palipokuwa na lusini sasa pana triptofani ya tatu, namba 491. Kazi yake lakini ni nyingine kabisa: RNA anayoishika hupelekwa ikavunjwevunjwe, kwa kuwaita wakataji wa mkia wa RNA wanaoitwa CCR4-NOT. Katika samaki aina ya zebrafish, bila yeye RNA zilizoachiwa kiinitete na mama huchelewa kuondolewa, na ukuaji unachelewa nazo.

Kitu kimoja tu hakijaniridhisha. Faili linaonyesha kizimba na jirani zake, lakini si protini nzima. Sehemu kubwa ya YTHDC1, na ya YTHDF2 vilevile, haina umbo thabiti, inapeperuka tu, na fuwele zinazotumika kupata maumbo haya haziwezi kunasa kitu kisichotulia. Ni hasara hasa, maana kwa YTHDF2 sehemu hiyo hiyo ndiyo inayowaita wakataji. Tunamwona msomaji akisoma, mikono yake hatuioni.

Hata hivyo nikaendelea kuchimba, kwa kuwa YTHDC1 imeonekana kuhitajika na seli za saratani ya damu ya aina ya AML. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Zürich wamekuwa wakitafuta molekuli ndogo za kuingia ndani ya kizimba hicho hicho na kukiziba ili m6A ikose pa kukaa, na maumbo ya molekuli hizo zikiwa ndani yake yamo kwenye hifadhi ileile. Sasa hivi nimeyafungua mawili ubavuni mwa 4R3I, nayalinganisha ukuta kwa ukuta.