Kushika Kabla ya Kuvuta: Mitumba ya 1915 na Gari Lililozimika Njia ya Kabambare

Tarehe 28 Septemba 1915 boti mbili za vita za Uingereza, zilizokuwa zikipelekwa ziwa Tanganyika kupigana na Wajerumani, ziliwasili Sankisia, Katanga, kwa njia ya nchi kavu. Ziliitwa Mimi na Toutou. Kila moja ilikuwa na urefu wa futi 40, yaani takriban mita 12, na mwili wa mbao za mahogani. Zilijengwa na kiwanda cha Thornycroft cha Uingereza, zikasafirishwa kwa meli mwezi Juni hadi Cape Town, zikapandishwa treni hadi Fungurume. Baada ya Fungurume ilikuja milima ya Mitumba, ambako njia yao ilipanda zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ng'ambo ya milima ndipo Sankisia ilipokuwa, na reli fupi ya kwenda Bukama kwenye mto Lualaba. Kipande hicho cha katikati kilichukua takriban wiki sita. Boti zililazwa juu ya matela, zikakokotwa na matrekta mawili ya mvuke, makundi ya ng'ombe na mamia ya Wakongomani.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya vita na ya kamanda wake, Geoffrey Spicer-Simson. Mimi nakitazama kama kazi ya kukokota, kwa sababu hesabu iliyowakabili watu wale ndiyo inayomkabili dereva wa leo aliyezimikiwa na gari kati ya Kasongo na Kabambare, utelezi chini, mteremko mbele, na kamyo moja tu iliyokubali kumsaidia. Udongo wetu mwekundu ni uleule wakati wa mvua, na uzito haujabadilisha tabia tangu 1915. Hoja yangu ni moja: kukokota si kazi ya nguvu ya kuvuta. Ni kazi ya kushika, kisha ndipo kuvuta. Na kazi haijaisha mpaka chombo kilichokokotwa kiweze kufanya kazi yake tena.

Anza na njia yenyewe. Kabla boti hazijatoka Fungurume, mwindaji John R. Lee, aliyewapelekea wakuu wa jeshi la maji la Uingereza wazo la kupeleka boti ziwani mwezi Aprili, alikuwa ametangulia kutafuta njia. Kisha miti ikakatwa, mawe yakaondolewa, na madaraja zaidi ya 150 yakajengwa juu ya vijito na makorongo. Wanawake walibeba maji ya kunywesha matrekta, maana injini ya mvuke bila maji ni chuma kilichosimama. Ukipima jasho lililomwagika, sehemu kubwa ilimwagika mbali na kamba. Watu wengi waliofanya kazi hiyo hawana majina katika vitabu, lakini uamuzi wa kutengeneza njia kabla ya kuvuta ndio uliofikisha boti.

Hapa kwetu mambo huenda kinyume. Gari likikwama, kitu cha kwanza kinachotafutwa ni kamba, na beleshi hukumbukwa kamba ikishakatika. Miongozo ya kijeshi ya kunasua magari ina kanuni rahisi ya makadirio. Gari likizama kwenye tope kwa kiasi cha magurudumu, nguvu ya kulitoa hukadiriwa kuwa sawa na uzito wake wote. Tope likifika kwenye madigadi, nguvu hiyo ni mara mbili ya uzito. Likifika usawa wa kibanda cha dereva, ni mara tatu. Chukua pikapu yenye tani 2 pamoja na mzigo: iliyozama hadi madigadi inadai tani 4 za mvuto. Ukichimba mbele ya magurudumu, ukaondoa tope lililoshika difu, ukashusha mzigo na kutandika matawi au mbao, umerudi karibu na tani 2 au chini yake. Beleshi limeondoa tani ambazo kamyo ingelazimika kuzivuta, na kamba ambazo zingelazimika kuzistahimili. Kamwe usivute gari ambalo bado limekalia difu yake.

Njia ikishatengenezwa, linakuja suala la pili: kuongeza mvuto bila kuongeza injini. Kwenye mapandio makali ya Mitumba walitumia kamba na kapi zilizofungwa kwenye miti. Kapi moja iliyofungwa kwenye mzigo, kamba ikatoka kwenye mti, ikazunguka kapi na kurudi kwa anayevuta, huzidisha nguvu karibu mara mbili, na mwendo hupungua kwa nusu. Kapi ikifungwa kwenye mti juu ya kilima hubadili mwelekeo tu, lakini faida yake ni kubwa: anayevuta anaweza kuteremka huku mzigo unapanda, na uzito wake mwenyewe ukamsaidia.

Hapo kuna hatari isiyoonekana kwa macho. Kamba inapokwenda kwenye kapi ya mtini na kurudi kulekule ilikotoka, mti hubeba mara mbili ya nguvu iliyo kwenye kamba. Mti uliooza mizizi, au uliosimama kwenye ukingo uliolowa, utang'oka na kumwangukia mtu. Chagua mti mbichi, mnene, funga chini kabisa karibu na ardhi, na utumie mkanda mpana ili usikate ganda. Ukifunga gari kwa kamba mbili zinazoachana kama herufi V, pembe iwe nyembamba. Pembe ikifika nyuzi 120, kila kamba inabeba mzigo mzima kana kwamba iko peke yake, na hujapata faida yoyote kwa kuongeza kamba ya pili.

Tuje sasa kwenye fundo linaloua watu, yaani mahali kamba inaposhika gari. Kamba iliyovutwa huhifadhi nguvu, na ikiachia ghafla, nguvu hiyo yote humwendea aliye karibu. Kile kichwa cha mviringo cha kuvutia tela hakikutengenezwa kwa kunasua gari. Kikivunjika kinaruka kama risasi na kupenya kioo. Bampa halifai, wala fimbo za usukani, wala springi. Tafuta ndoano au jicho la kukokotea lililofungwa kwenye chesisi. Magari mengi madogo huficha tundu lake chini ya kifuniko kidogo kwenye bampa, na jicho lenyewe hukaa pamoja na jeki.

Itazame pete ya chuma yenye pini ya kuzungushwa, ile inayounganisha mkanda na jicho. Fundi makini huikaza pini mpaka mwisho, kisha huirudisha nyuma robo mzunguko. Asipofanya hivyo, mvuto utaikaza pini hata vidole visiweze kuifungua tena. Atasoma namba iliyopigwa mhuri kwenye chuma, inayotaja uzito ambao pete inaruhusiwa kubeba, na pete isiyo na namba hataiamini. Halafu atalaza koti zito au gunia lililolowa katikati ya kamba, ili ikikatika idondoke chini badala ya kupiga mijeledi. Mwisho atawaondoa watazamaji wote, watoto kwanza, hadi umbali unaozidi urefu wa kamba yenyewe. Waya wa chuma usivutwe kwa kushtua hata mara moja. Mkanda wa nailoni uliotengenezwa kunyumbuka ndio unaovumilia mshtuko, nao pia hukaguliwa: ukichanika pembeni, kazi yake imekwisha.

Gari likishatoka topeni, au kama limezimika tu barabarani, safari ya kukokotwa inaanza, na hapa ndipo kushika kunapokuwa kila kitu. Dereva wa gari la nyuma si abiria. Yeye ndiye breki ya msafara. Ufunguo uwashwe ili usukani usijifunge na taa zifanye kazi. Injini ikiwa imezima, breki zenye msaada wa servo humpa mkanyago mmoja au miwili ya kawaida, kisha pedali inakuwa ngumu na kudai mguu wenye nguvu. Usukani nao unakuwa mzito. Kwa hiyo aketi mtu mzima aliyezoea, si kijana wa kubahatisha. Kazi yake ni kuiweka kamba imenyooka wakati wote kwa kugusa breki kidogokidogo, maana kamba ikilegea kisha ikakaza ghafla, ndipo mshtuko unapozaliwa. Anayetangulia aende gia ya chini, mwendo wa mtu anayekimbia polepole, na ishara za mikono au honi zikubaliwe kabla ya kuondoka.

Mteremkoni hesabu hugeuka. Mzigo unataka kumpita anayeuvuta, na kamba haiwezi kusukuma nyuma. Gari lisilo na breki halikokotwi kwa kamba hata kidogo. Linahitaji chuma kigumu cha kuunganishia, au kupakiwa juu ya kamyo, au kusubiri fundi. Barabara ya Kabambare inateremka mara nyingi kuelekea vijito na mabonde yanayolisha mto Luama, na chini ya mteremko huwa kuna daraja. Daraja la magogo lisipitwe na magari mawili kwa pamoja wakati uzito wa moja tu linaubeba kwa shida. Simamisha, fungua kamba, kamyo ivuke peke yake, kisha gari livutwe kwa kamba ndefu kutoka ng'ambo, na mtu ashike kigogo cha kuzuia tairi kila hatua. Waliojenga madaraja 150 mwaka 1915 walilazimika kujiuliza swali hilohilo kila mara: daraja hili litabeba nini, na kwa wakati gani?

Giaboksi ya otomatiki inahitaji neno lake, kwa kuwa magari ya aina hiyo yanazidi kuingia. Pampu inayosambaza oili ndani yake inaendeshwa na injini. Injini ikizima, magurudumu yanayoendesha yakizunguka barabarani yanazungusha vyuma vikavu, navyo huungua bila sauti. Gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele linyanyuliwe mbele. La magurudumu manne linahitaji kufunguliwa propela, au kufuata kitabu cha gari. Kilomita chache za kukokota vibaya zinaweza kuligeuza tatizo dogo la umeme kuwa giaboksi mpya, na Kasongo giaboksi haipatikani kwa kutuma mtoto dukani.

Sasa tutazame mwili wa nje wa chombo, tukianza na boti zenyewe. Mimi na Toutou zilipita Lualaba hadi Kabalo, zikapanda reli tena kwenda Lukuga, Kalemie ya leo, zikaingia ziwa Tanganyika mwezi Desemba. Tarehe 26 Desemba zikaiteka meli ya Wajerumani iitwayo Kingani, na Februari 1916 meli yao nyingine, Hedwig von Wissmann, ikazamishwa. Boti za mbao zilizobebwa juu ya milima zingeweza kufika zikiwa zimepasuka na kuwa kuni. Zilifika zikiwa na mwili mzima, tayari kukaa majini.

Gari nalo lina ngozi ya kulindwa. Kabla ya kuvuta, weka kitambaa kinene mahali kamba inapogusa bampa au boneti, maana nailoni yenye mchanga husugua rangi mpaka chuma. Baada ya kufika, usipanguse tope kavu. Ndani ya udongo wetu mna chembe ngumu za mchanga, na kitambaa kikavu huzigeuza kuwa msasa. Mwaga maji mengi kwanza, kivulini, bati likiwa limepoa, mpaka tope lidondoke lenyewe. Anza na chini: ndani ya madigadi, kwenye chesisi, nyuma ya magurudumu. Huko tope hushika unyevu kwa wiki nzima na kutu huanza kula bila kuonekana. Zibua matundu madogo yaliyo chini ya milango, yaliyowekwa ili maji yatoke. Kisha osha kwa sabuni laini ya magari kutoka juu kushuka, kwa sponji safi. Sabuni ya unga ya kufulia huondoa nta inayokinga rangi. Pale mkwaruzo ulipofika kwenye chuma, paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, hata kama haifanani. Na kazi hii ifanyike mbali na kijito, kwa sababu oili inayotoka chini ya gari itafika kwenye ndoo ya mtu.

Gari lililozama majini lina dalili moja ya mwisho ya kutafutwa. Fungua nati ya oili ya difu na utazame tone la kwanza. Likiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, na oili yote imwagwe kabla gari halijarudi barabarani. Fungua pia ngoma za breki ukasafishe tope, kwani breki zilizojaa udongo zitakusaliti kwenye mteremko unaofuata.

Vifaa vyote nilivyotaja vinaingia kwenye gunia moja: mkanda wa nailoni, pete mbili zenye namba, kapi moja, mkanda mpana wa mti, beleshi na kigogo cha kuzuia tairi. Chama cha madereva kikichanga kununua seti moja kwa Kasongo, nyingine kwa Lusangi na ya tatu kwa Kabambare, zikawekwa kwenye bariere za mvua ambako magari husubiri barabara ikauke, hakuna dereva atakayelazimika kufunga uhai wa watu kwenye kamba ya katani na kichwa cha tela. Seti ikabidhiwe mtu mmoja, iandikwe kwenye daftari kila inapotoka na kurudi, na kila utingo afundishwe kuitumia kabla mvua za mwezi wa tisa hazijaanza.