Sarufi ya Ashton na Somo la Mwanafunzi Mmoja

Sarufi ya Kiswahili ya E. O. Ashton, iliyotolewa mwaka 1944, imewafaa wageni wengi, na ni vitabu vichache vilivyoikaribia katika kuonyesha kwamba ngeli si rundo la viambishi vya kukariri, bali zina fikra ndani yake. Sifa hiyo ni haki yake. Lakini imezoewa kutumiwa kwa kazi isiyoiweza, nayo ni kumpangia mwalimu saa yake aketipo na mwanafunzi mmoja. Mwalimu huifungua pale ilipofungwa jana, husoma maelezo, hutoa mifano, husahihisha. Saa hwisha, na aliyesema sana ni mwalimu.

Kosa si la Ashton. Mpango wake ni mpango wa lugha: mambo ya jamii moja yamewekwa pamoja ili yaonekane. Edward Steere, katika mazoezi yake ya mwaka 1878, na D. V. Perrott, aliyemwandikia mwaka 1951 mtu ajifunzaye peke yake, nao waliandika bila ya kuuona uso wa msomaji, wakalazimika kuchagua njia moja kwa wote. Aketiye na mtu mmoja hana udhuru huo.

Atazamwe mwanafunzi asemaye, "Kitabu yangu imepotea." Katika darasa la watu arobaini husahihishwa kwa maneno mawili, somo likaendelea. Hapa kosa hilo ndilo mwanzo wa mpango. Huenda hajui ngeli ya kitabu. Huenda aijua, ila hafahamu kuwa upatanisho hufika mpaka kwenye kitenzi. Huenda ajua yote mawili, ulimi ukamtangulia. Tena huenda masikioni mwake hapana kosa lolote, maana ndivyo asikiavyo kila siku mitaani Nairobi. Maradhi manne, dawa nne. Aulizwe wingi: akijibu "vitabu yangu zimepotea", umbo la jina analo, upatanisho hana. Apewe kalamu: akiandika sawasawa, hahitaji maelezo tena bali mazoezi ya kusema. Yule wa Nairobi akifundishwa kana kwamba hajui kitu atachukizwa, na kwa haki; yampasa aonyeshwe mahali pa kila usemi.

Likiisha kujulikana, lifundishwe hilo tu. Mwalimu mwenye pupa atamletea siku iyo hiyo "rafiki yangu amekuja", na mwanafunzi aliyeanza kuuamini upatanisho atauona umevunjika mikononi mwake.

Benjamin Bloom wa Chicago aliandika mwaka 1984 kwamba mwanafunzi wa kadiri, akifundishwa peke yake, aliwapita kama 98 katika kila 100 wa darasa la kawaida. Tafiti za baadaye zimepata faida ndogo kuliko hiyo. Watajao hesabu hiyo aghalabu husahau kuwa wanafunzi wale walijaribiwa mara kwa mara na kusahihishwa. Hawakuketi na mwalimu tu.

Kwa hiyo dakika kumi za mwisho ni za mwanafunzi. Vitabu vifungwe, asimulie habari ya kitu alichowahi kupoteza, mwalimu anyamaze, aandike kila anapojikwaa. Karatasi hiyo ndiyo ifunguliwayo kwanza juma lifuatalo, kabla ya Ashton.